Uhalisia pepe au mazoezi ya kawaida: lipi litamsaidia mwenye Parkinson asianguke?

Mwangalie mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson akitoka chumbani na kikombe cha maji mkononi. Hatua za kwanza zinakwenda vizuri. Akifika mlangoni, mtu aliye nyuma yake anamuuliza kama ameshakunywa dawa. Anageuka ili ajibu, na hapohapo miguu inaganda kana kwamba imegundishwa sakafuni, huku kifua kikiendelea kwenda mbele. Mlango mwembamba, kugeuka, swali na kikombe vimekutana ndani ya sekunde moja, na sekunde hiyo ndiyo inayovunja nyonga.

Nimeanza na tukio hilo kwa makusudi. Anayemtunza mgonjwa wa namna hii leo ana njia nyingi mbele yake: anunue miwani ya uhalisia pepe (virtual reality), inayomwonyesha ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, atafute kituo chenye tredmili, yaani mashine ya kutembelea papo hapo, na skrini kubwa, awashe mchezo wa video sebuleni, au abaki na mazoezi ya kawaida ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kila njia ina watu wanaoisifia. Mimi naipima kila moja kwa swali moja: je, inamfundisha mtu kuivuka sekunde ile akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe?

Kinachomwangusha ni nini

Kwa mtu mzima wa afya, kutembea kunajiendesha. Anaweza kuongea na simu, kutafuta ufunguo mfukoni na kupanda ngazi kwa wakati mmoja bila kuifikiria miguu. Kazi hiyo hufanywa na viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo ambavyo hutegemea dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe ubongoni, na dopamini ndiyo inayopungua katika Parkinson. Basi kutembea kunahamia sehemu ya mbele ya ubongo, ile tunayofikiria nayo, na mgonjwa analazimika kuikusudia kila hatua. Mpe jambo la pili la kufikiria na utaona hatua zinavyofupika, miguu inavyoanza kuburuzwa, wakati mwingine inavyogoma kabisa.

Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, hulegeza ukakamavu na kumrudishia mtu wepesi, lakini usawa wa mwili hauponi nayo kwa kiwango hicho. Ndiyo maana utamkuta mtu ambaye mikono imetulia na uso umechangamka, na bado anaanguka. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa muda zinaonyesha kwamba takribani 6 kati ya 10 huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na karibu 4 kati ya 10 huanguka tena na tena.

Tredmili yenye skrini

Hii ndiyo njia ya uhalisia pepe yenye ushahidi wa kweli wa kupunguza kuanguka, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Mtu anatembea juu ya mkanda wa tredmili, mwili ukiwa umefungwa mikanda ya usalama inayoning'inia kutoka juu, hivyo hata akijikwaa hafiki chini. Kamera inafuata mwendo wa miguu yake na kuuonyesha kwenye skrini kubwa iliyo mbele yake. Anaiona miguu yake ikienda kwenye njia ambayo si tupu: mbele kuna kizuizi cha kuvuka, kisha njia zinagawanyika na lazima achague moja, kisha kuna vitu vinavyopita kando kumvuta macho. Mguu usipoinuliwa vya kutosha, skrini inamwonyesha kwamba amekigonga kizuizi, na kizuizi kinachofuata kinakuja kabla hajamaliza kusikitika. Msimamizi anaongeza ugumu kidogo kidogo kadiri mtu anavyozoea.

Jaribio kubwa la njia hii lilichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet, likiongozwa na Anat Mirelman na wenzake. Liliandikisha watu 302 wenye umri wa miaka 60 hadi 90 katika nchi tano: Ubelgiji, Israeli, Italia, Uholanzi na Uingereza. Wote walikuwa wameshaanguka angalau mara mbili ndani ya miezi sita iliyotangulia. Kundi kubwa zaidi lilikuwa la wenye Parkinson, wengine walikuwa wazee wenye udhaifu mdogo wa kumbukumbu, au wazee wanaoanguka bila sababu inayojulikana. Nusu walitembea kwenye tredmili yenye skrini, nusu kwenye tredmili tupu. Muda ulikuwa sawa kwa wote: dakika kama 45, mara tatu kwa wiki, wiki sita.

Katika miezi sita iliyofuata mafunzo, waliotembea na skrini walianguka kwa wastani wa mara 6, na wale wa tredmili tupu mara 8.27. Kwa hesabu ya kitakwimu ya watafiti, ambayo si kugawanya tu wastani hizo mbili, kasi ya kuanguka ilikuwa chini kwa asilimia 42 kwa waliokuwa na skrini. Kinachonivutia zaidi ya takwimu yenyewe ni namna jaribio lilivyopangwa. Makundi yote mawili yalitoka jasho lilelile. Misuli ilifanya kazi kwa dakika zilezile. Kilichozidi upande mmoja ni kufikiri, kuchagua na kurekebisha hatua huku mtu akitembea. Kwa maneno mengine, kilichofundishwa pale ni ile sekunde ya mlangoni.

Mipaka yake isifichwe. Walioshiriki waliweza kutembea wenyewe, na wenye Parkinson walikuwa katika ngazi za kati za ugonjwa. Kifaa kinahitaji chumba, mikanda ya kuning'iniza na mtu aliyefunzwa kukisimamia, kwa hiyo ni cha kituo na si cha nyumbani. Na mafunzo yalikuwa ya wiki sita tu, ugonjwa wenyewe ni wa maisha.

Tena, skrini ile haikuwa miwani. Mtu alikuwa anaona chumba kizima, anaona mikono yake, anaona reli ya kushika. Sifa ya jaribio hili ikitumiwa kuuzia miwani ya kufunika macho, mnunuzi anauziwa ushahidi wa kitu kingine, na katika ugonjwa huu kosa hilo linaweza kumgharimu mtu nyonga.

Miwani inayofunika macho

Inapendeza, na mtu akiivaa mara ya kwanza anasahau kwamba yuko chumbani. Hapo hasa ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Mwenye Parkinson huegemea macho yake kuliko watu wengine ili ajue mwili wake umesimamaje, kwa sababu taarifa kutoka kwenye miguu na viungo hazitumiki vizuri tena ubongoni. Ukimfunika macho na kumwonyesha ulimwengu unaosogea wakati yeye amesimama, unamnyang'anya fimbo yake. Kichwa kinaweza kuzunguka, tumbo likachafuka, na mwili ukaufuata ulimwengu usiokuwepo. Aliyekwisha kuinama shingo na mgongo, uzito wa kifaa usoni unamvuta mbele zaidi.

Yapo mambo mengine mawili ambayo watu hawayaulizi dukani. Kwanza, baadhi ya wagonjwa huona vitu visivyokuwepo, ama kwa ugonjwa wenyewe ama kwa dawa. Mtu wa namna hiyo asivalishwe miwani hii kabla daktari wake wa mishipa ya fahamu hajaulizwa. Pili, aliyepandikizwa kifaa cha kuchochea ubongo naye aulize kwanza, maana vifaa vya kielektroniki na sumaku karibu na kipandikizi ni jambo la kuthibitishwa na wanaomtibu.

Kwa hofu ya kuanguka, programu nyingi za miwani zinamkalisha mtu kitini. Kukaa kunaondoa hatari, lakini kunaondoa pia kile tulichokuja kukifundisha. Mwili hujifunza kile unachokifanya. Anayepiga mipira ya mwangaza akiwa amekaa atakuwa mwepesi wa mikono na pengine mchangamfu zaidi, na hayo ni mema, ila asitarajie miguu yake ijue la kufanya mlangoni.

Siipuuzi kabisa. Akiwa amefungwa mikanda ya usalama na mtaalamu yuko pembeni, miwani inaweza kumletea milango myembamba na umati wa watu kwa vipimo ambavyo chumba cha mazoezi hakiwezi. Pia ipo miwani ya aina nyingine, ile inayomwacha mtu aone sakafu halisi na kuchora juu yake mistari ya kukanyagia. Hiyo ni hila ya siku nyingi katika sura mpya: mgonjwa aliyeganda akiona mstari mbele yake, mara nyingi anaweza kuuvuka ingawa sakafu tupu ilimshinda. Vipande vya utepe wa rangi vilivyobandikwa mbele ya mlango vinafanya kazi ya namna hiyohiyo, na havihitaji kuchajiwa.

Michezo ya video sebuleni

Hapa nazungumzia ubao wa kusimamia unaopima uzito unakoegemea, au kamera iliyo juu ya televisheni inayosoma mwendo wa mwili. Ni njia iliyo karibu zaidi na familia ya kawaida, na ina faida ambayo wataalamu wakati mwingine hawaipi uzito: mtu anairudia kwa hiari. Mjukuu anacheza, babu anacheza, dakika thelathini zimepita.

Watafiti wa Brazili waliijaribu mapema. Katika jaribio moja la mwaka 2012, wagonjwa 32 waligawanywa: kundi moja lilifanya mazoezi ya usawa kwa mchezo wa Nintendo Wii, jingine mazoezi ya usawa ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakuna lililolishinda lingine. Kazi nyingine ya huko ilionyesha kwamba wenye Parkinson walijifunza baadhi ya michezo sawasawa na wazee wasio wagonjwa, lakini ile iliyodai maamuzi ya haraka iliwashinda.

Hilo la mwisho nalichukulia kwa uzito mkubwa. Michezo ya dukani ilitengenezwa kwa vijana wenye afya. Kasi yake haipungui kumsubiri mtu, rangi na sauti zinarushwa zote kwa mpigo, na mwishoni mashine inamtangazia mzee kwamba ameshindwa. Anayeshindwa mara tatu mfululizo hataki ya nne. Basi ikichaguliwa njia hii, chagua mchezo unaokubali kupunguzwa kasi, na umjaribishe mwenyewe kabla hujatoa pesa. Kumbuka pia kwamba vifaa hivi huzeeka haraka kuliko ugonjwa: Microsoft iliacha kutengeneza kamera yake ya Kinect mwaka 2017, na programu nyingi za tiba zilizojengwa juu yake zikabaki bila kifaa kipya cha kuziendesha.

Mazoezi yasiyo na skrini yoyote

Ndiyo yenye ushahidi mpana zaidi. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalihitimisha kwamba mazoezi huenda yanapunguza kasi ya kuanguka kwa takribani asilimia 26 kwa wenye Parkinson ambao ugonjwa wao ni mwepesi au wa kati.

Tai chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, ina jaribio lake linalojulikana, la mwaka 2012, lililofanyika Marekani kwa watu 195: saa moja, mara mbili kwa wiki, wiki 24. Waliofanya tai chi walianguka mara chache kwa mbali kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Walipolinganishwa na kundi lililofanya mazoezi ya kuongeza nguvu, tofauti haikuwa ya kutosha kudai ushindi. Kwa hiyo kunyoosha viungo pekee, ambako ndiko wagonjwa wengi wanakoishia, hakutoshi. Mwili lazima uhamishe uzito, ujishushe, ujiinue na ukaribie ukingo wa usawa wake.

Sasa sikiliza onyo ambalo ningependa kila mtunzaji alishike. Huko Australia, watu 231 walipewa mazoezi ya usawa na nguvu za miguu, dakika 40 hadi 60, mara tatu kwa wiki kwa miezi sita, mengi yakifanywa nyumbani bila msimamizi. Kwa jumla, kuanguka hakukupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Walipotenganishwa kwa uzito wa ugonjwa, wenye ugonjwa mwepesi walianguka pungufu kwa asilimia 69, na wenye ugonjwa mzito hawakupata faida hiyo. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, la watu 474, lilikuta sura inayofanana: wa kati walifaidika, na waliokuwa na ugonjwa mzito walianguka zaidi. Zoezi lilelile lililomwokoa mmoja lilimweka mwingine hatarini, kwa sababu alizidi kusogea kabla hajawa salama kusogea.

Na je, kile kilicholeta tofauti kwenye tredmili, kutembea huku unafikiri, kinaweza kufundishwa bila mashine? Kwa sehemu, ndiyo. Jaribio la mwaka 2017 la wagonjwa 121 lilijaribu mafunzo ya kufanya mambo mawili kwa pamoja, yakitolewa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia kwa wiki sita. Wagonjwa walitembea kwa kasi zaidi huku wakifanya kazi ya akili, na hatari ya kuanguka haikuongezeka. Halikuonyesha kwamba kuanguka kunapungua, hilo tulikubali. Lakini linaonyesha kwamba mlango haukufungwa kwa asiye na kituo chenye skrini: ukumbi, viti vya kuzunguka, sinia ya kubeba, kuhesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu, na mtu wa kumshika mkanda kiunoni.

Kabla ya kuchagua chochote

Mpime shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akisimama, ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, huenda anaanguka kwa sababu damu haifiki kichwani anaposimama. Tredmili haitibu hilo, miwani haitibu hilo. Ni kazi ya daktari na dawa zake. Macho yapimwe pia, na safari za chooni usiku ziangaliwe.

Kisha jua yuko ngazi gani. Madaktari hutumia kipimo cha Hoehn na Yahr cha mwaka 1967: ngazi ya 1 ugonjwa uko upande mmoja wa mwili, ya 2 pande zote lakini usawa bado upo, ya 3 usawa umeanza kuyumba ingawa anajitegemea, ya 4 anahitaji msaada mkubwa lakini bado anaweza kusimama, ya 5 kitini au kitandani.

Ningemchagulia nani nini

Aliye ngazi ya 1 au ya 2 na hajaanza kuanguka, nisingemtafutia kifaa. Tai chi, au nguvu na usawa kwa ratiba ambayo mtaalamu ameipanga na anairudia kuikagua. Akipenda mchezo wa video, aongeze juu yake, usiwe badala yake.

Aliye ngazi ya 2 au 3, anatembea mwenyewe, na ameshaanguka mara mbili au zaidi, hasa akiwa anaongea, anageuka au amebeba kitu: huyu ndiye tredmili yenye skrini ilitengenezwa kwa ajili yake. Kama kituo kipo na anaweza kufika mara tatu kwa wiki, ningeifanya familia nzima ipange ratiba yake kulizunguka jambo hilo kwa wiki sita. Kama hakipo, ningemwomba mtaalamu mafunzo ya mambo mawili kwa pamoja, na ningemwambia waziwazi kwamba sitaki mazoezi ya kunyoosha tu.

Kwa aliye ngazi ya 4, au anayechanganyikiwa, au anayeganda kila mlangoni, zoezi lolote la kusimama lifanywe akiwa ameshikwa na mtu anayejua kushika. Nyumbani nguvu nyingi ziende kwenye reli za ukutani, taa za usiku, mazulia kuondolewa, utepe sakafuni, na kumfundisha asimame kabisa kwanza ndipo ajibu swali. Nanyi mnaoishi naye msimwite akiwa anatembea. Miwani ya kufunika macho nisingemvalisha.

Wakati wa zoezi nao una maana. Mfanyishe dawa inapokuwa imeshika, siyo saa inapoisha nguvu, maana mwili wa saa hizo mbili ni kama wa watu wawili tofauti.

Mwisho, weka daftari jikoni kabla ya kuanza, na uandike kila anguko na kila nusura aanguke: saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, dawa ilikuwa imenywewa lini. Fanya hivyo mwezi mzima kabla, kisha endelea wakati wa mafunzo na baada yake. Ukurasa ukionyesha kwamba anaanguka zaidi tangu aanze, simamisha zoezi siku hiyohiyo na umpelekee mtaalamu daftari lenyewe. Ukionyesha kwamba maanguko yote manne ya mwezi yametokea akigeuka kutoka chooni usiku, umeshajua zoezi linalofuata ni la kugeuka, na taa ya kwanza iwekwe wapi.